Apolo Kivebulaya, mtu aliyeomba azikwe akiuelekea msitu

Ndugu msomaji, huenda kwenu ulikuwa na jina. Ulikuwa mwalimu, mfanyabiashara, mwenye ng'ombe wengi au mtoto wa chifu. Leo uko huku Nyakarenzo, na anayekupita njiani hayajui hayo. Au wewe ni mwenyeji, umezaliwa kwenye vilima hivi, na unaona vijana wakimpima mtu kwa simu na pikipiki yake. Nyote wawili tunawaletea maisha ya mtu aliyevuka mipaka ya nchi zetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ambaye hadi leo anakumbukwa Uganda na Kongo.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa. Katika ujana wake alijifunza dini ya Kiislamu, akawa askari, akavuta bangi, akashiriki vita vilivyoivuruga Buganda wakati ule. Baadaye akaanza kusoma na Wakristo, na mwaka 1895 akabatizwa kwa jina la Apolo. Jina Kivebulaya lina maana ya kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimpachika kwa sababu alipenda kuvaa koti la kijeshi juu ya kanzu yake.

Mwaka huohuo alikwenda Toro, magharibi mwa Uganda, kufundisha. Mwaka uliofuata alivuka Mto Semliki hadi Mboga, mahali ambapo leo panaitwa Boga, katika Ituri. Walimu waliomtangulia huko walikuwa wameondoka kwa kukosa chakula. Chifu Tabaro hakupendezwa na mafundisho yao, na Apolo naye alipigwa.

Kisha likatokea jambo zito. Dada wa chifu aliangukia mkuki wa Apolo uliokuwa majanini, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alikamatwa, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani. Alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za giza alimwona Kristo akimtia moyo. Hatimaye aliachiliwa. Angeweza kurudi kwao na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Mboga, kwa watu walewale waliompiga. Baada ya muda Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Sasa fikiria mwaka 1900. Mwaka ule Waingereza walitia saini mkataba na Buganda, na machifu na wakubwa wengi, wakiwemo Wakristo wa rika la Apolo, wakagawiwa ardhi iliyopimwa kwa maili za mraba. Waliokuwa karibu na ikulu walitajirika. Mwishoni mwa mwaka huo Apolo alipata kitu kingine: alifanywa shemasi. Mwaka 1903 akawa kasisi. Hakuoa. Nyumba yake ilikuwa ya wageni na ya watoto waliohitaji pa kukaa.

Jambo linalotugusa sisi tunaoishi karibu na Mto Rusizi ni hili: mpaka ulimhama. Makubaliano ya wakoloni ya mwaka 1910 yaliiweka Mboga upande wa Kongo ya Wabelgiji. Apolo akawa mgeni katika nchi ya serikali nyingine. Katikati ya miaka ya 1910 alirudi huko, akabaki hadi kufa kwake.

Mwaka 1921 alianza kuingia katika msitu wa Ituri, kwa Wambuti. Majirani wengi waliwadharau watu hao. Apolo alikaa nao, akajifunza lugha yao, akaifanyia kazi tafsiri ya Injili ya Marko. Mwaka 1922 kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lilimpa heshima ya kuwa kanoni. Cheo hicho hakikumtoa msituni.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea kwao alikozaliwa. Apolo aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa kuwa kazi yake huko ilikuwa haijakwisha. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kutoka Mboga.

Msomaji, hatusemi kwamba umaskini ni mzuri. Apolo alichagua kuishi na vichache, ilhali wewe huenda ulinyang'anywa. Hayo si mamboleo sawa, na asikudanganye mtu kwamba ni sawa. Mgawo wa chakula, hati zako na shule ya mtoto wako ni haki yako, endelea kuvidai.

Lakini uwe Mkristo, Mwislamu au mtu wa imani nyingine, maisha haya yanaonyesha kwamba kuna kitu ambacho mpaka hauwezi kukizuia na vita haviwezi kukichoma. Apolo alikipata akiwa mfungwa, akakibeba akiwa mgeni. Jirani yako wa Nyakarenzo, awe amekuja jana au yuko hapa tangu enzi za babu zake, anaweza kuwa nacho hata kama mfuko wake ni mtupu. Mkikutana kisimani au sokoni, kabla ya kuuliza ana nini, mkaribishe kwanza.