KIMATHI KIZIMBANI

Ndugu msomaji, ukilitaja jina la Dedan Kimathi mbele ya wanafunzi kumi, wote kumi watakusimulia habari za msitu: nywele ndefu zilizosokotwa, koti la ngozi ya chui, na jinsi alivyowachenga askari wa Mwingereza kwa miaka minne. Kimathi huyo twamjua. Lakini hebu uliza alinyongwa kwa kosa gani. Hapo utasikia kimya, au mmoja atabahatisha kuwa aliua wazungu. La hasha! Mauaji hayakuwamo katika mashtaka yake. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake. Basi, hayo tu.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 kijijini Thegenge, Tetu, katika wilaya ya Nyeri. Alisoma Karuna-ini, kisha Tumutumu, shule ya wamisheni wa Kiskoti. Karo ilikuwa taabu kama ilivyo kwa wengi wetu, na husimuliwa kwamba alikuwa akiokota mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu ili apate ada. Alipenda sana midahalo na kuandika. (Wanachama wa klabu yetu, mwasikia?) Masomo yalikatika. Akaingia jeshini kwa muda mfupi, akafundisha shule, akafanya kazi za karani hapa na pale, mwisho akawa katibu wa chama cha KAU huko Ol Kalou.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kimathi akaingia msitu wa Nyandarua, na baada ya muda akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa Mau Mau. Hata huko hakuiacha kalamu. Aliweka kumbukumbu za mikutano, akaandika barua nyingi, na mwaka 1954 wapiganaji wakaunda chombo walichokiita Bunge la Kenya, naye akiwa mkuu wake. Habari za vita vyenyewe zimeandikwa tele, sina haja ya kuzirudia.

Twende moja kwa moja hadi alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe. Kwenye ukingo wa msitu, karibu na handaki lililochimbwa ili kuwatenga wapiganaji na vijiji, askari wa akiba wa kabila aitwaye Ndirangu Mau aliona mtu aliyevaa ngozi ya chui. Akafyatua risasi. Kimathi akajeruhiwa mguuni, akakamatwa. Picha yake akiwa amelazwa kwenye machela, mikono imefungwa, ilisambazwa kila mahali kabla hajamwona hakimu yeyote. Hapo nataka usimame kidogo ufikiri. Mtu ambaye nchi nzima imekwisha kuonyeshwa kama mnyama aliyenaswa, atapata wapi mahakama inayomhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe?

Kesi ilianza Nyeri tarehe 19 Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu wa koloni mwenyewe, Sir Kenneth O'Connor. Kwa macho, kila kitu kilikuwepo. Palikuwa na hati ya mashtaka, kiongozi wa mashtaka, wakili wa kumtetea mshtakiwa, mkalimani wa kutafsiri baina ya Kiingereza na Kikuyu, na wazee watatu Waafrika wa kumshauri jaji. Mtu akipita dirishani angedhani haki imeketi kitini. Lakini ngoja tufunue kifuniko tuone kilichomo chunguni.

Kwanza, hii ilikuwa mahakama maalumu ya wakati wa hatari, aina iliyoanzishwa mwaka 1953 ili kesi ziende mbio. Katika kesi nzito za kawaida, hakimu wa chini aliusikiliza kwanza ushahidi ili mshtakiwa ajue anakabiliwa na nini. Hatua hiyo iliondolewa. Pili, wale wazee watatu. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na baraza la wazungu wenzake, na uamuzi wa baraza hilo ulikuwa na nguvu. Mwafrika alipewa wazee wa kutoa maoni tu, na jaji hakulazimika kuyafuata. (Utaratibu wa wazee hao uliendelea nchini mwetu hata baada ya uhuru, ukafutwa mwaka 2007.)

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni sheria yenyewe. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na silaha bila ruhusa kulikuwa na adhabu moja tu: kitanzi. Jaji hakuwa na nafasi ya kupima. Upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha kwamba Kimathi alimwua fulani mahali fulani siku fulani. Ulihitaji bastola, na waliomkamata nayo. Sasa waona kwa nini serikali haikujisumbua na kesi ya mauaji.

Kimathi alikana mashtaka. Utetezi wake ulikuwa kwamba asubuhi ile alikuwa anatoka msituni kwenda kujisalimisha. Utetezi huu haukuwa porojo. Mwezi wa Januari 1955 serikali ilikuwa imetangaza kwamba wapiganaji watakaojitoa hawatashtakiwa kwa makosa waliyotenda kabla ya tangazo, ingawa wangewekwa kizuizini. Mpango ule ulifungwa Julai mwaka uo huo. Lakini je, mtu aliye porini, anayewindwa usiku na mchana, anajuaje tarehe ambayo mlango umefungwa? Jaji hakumsadiki. Tarehe 27 Novemba akamwona ana hatia na kumhukumu kifo. Tangu kufunguliwa kesi hadi hukumu ni siku nane, na tangu kupigwa risasi hazikutimia wiki sita!

Rufaa ilikuwepo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliitupa. Ombi likapelekwa London, kwa baraza la Malkia lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni, nalo likakataliwa. Kimathi hakuwa peke yake katika njia hiyo. Wakati wa hali ya hatari watu 1,090 walinyongwa, wengi wao kwa makosa ambayo si mauaji.

Nimewaeleza haya kwa sababu huwa tunasikia watu wakilalamika kwamba haki za mshtakiwa ni kuwabembeleza wahalifu. Hebu ifungue Katiba ya 2010, vifungu vya 49 na 50, ukiwa na kesi ya Nyeri akilini. Aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya korti inayofuata. Aelezwe mashtaka kinaganaga. Anaweza kunyamaza. Apewe muda wa kutosha wa kujitayarisha. Apate mkalimani bila malipo, na wakili wa kulipwa na serikali iwapo bila wakili atadhulumika. Ahesabiwe hana hatia. Na ile adhabu isiyomwachia jaji nafasi ya kupima, Mahakama ya Juu iliikataa katika kesi za mauaji mwezi Desemba 2017. Mimi nikivisoma vifungu hivyo naona kama viliandikwa na mtu aliyekaa nyuma ya korti ile, akihesabu kila kilichokosekana.

Usiku wa kuamkia kifo chake, Kimathi aliandika barua kwa Padre Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Hakuandika habari za vita. Alimwomba padre amsaidie mwanawe aanze shule mapema, na akamkumbusha kuhusu mkewe, Mukami, aliyekuwa amezuiliwa mle mle Kamiti. Alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa, akazikwa gerezani mahali pasipotiwa alama.

Kumbukumbu za kesi nazo zilipotea machoni pa watu. Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo walipoandika tamthilia yao ya mwaka 1976, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Mzalendo Kimathi, ilibidi waiunde mahakama kwa ubunifu wao. Kumbukumbu halisi za korti zilichapishwa kitabuni mwaka 2017, miaka 60 baada ya kitanzi. Mau Mau ilikuwa imeondolewa marufuku mwaka 2003, na sanamu ya Kimathi ikasimamishwa Nairobi, katika barabara yenye jina lake, tarehe 18 Februari 2007.

Mukami aliendelea kuomba aonyeshwe mahali mumewe alipolala, serikali baada ya serikali. Alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua, kabla hajaonyeshwa kaburi hilo.