Jagadish Chandra Bose, Mwalimu Aliyeipa Mimea Kalamu

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu tumeona inafaa tusimulie maisha ya Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi wa Bengali. Vijana wetu wa hapa Nkoma, wa Kihindu kwa Wasukuma, wanaokwenda vyuoni kusomea kilimo au ualimu, hurudi likizo wakilalamika kwamba elimu ya mimea ni kukariri majina magumu tu. Malalamiko hayo hatuyapuuzi, kwa kuwa wilaya yetu inaishi kwa pamba, na anayeuchoka mmea darasani hatausaidia shambani.

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Mymensingh, mahali ambapo leo ni Bangladesh. Baba yake alikuwa hakimu mdogo wa serikali ya Kiingereza, mwenye uwezo wa kumpeleka mwanawe shule ya Kiingereza. Hakufanya hivyo. Alimpeleka kwanza shule ya Kibengali, akaketi kati ya mtoto wa tarishi Mwislamu na mtoto wa mvuvi, na kwa hao akasikia hadithi za ndege, wanyama na viumbe wa majini. Mwenyewe alikiri ukubwani kwamba hamu yake ya kuchunguza viumbe ilianzia kwa watoto wale.

Baadaye alisoma Calcutta katika Chuo cha St. Xavier, kwa Padre Eugène Lafont, mwalimu wa fizikia aliyependa kuonyesha majaribio mbele ya watu. Kisha akaenda Uingereza, akajaribu udaktari, afya ikamkatalia, akahamia Cambridge. Huko mmoja wa walimu wake alikuwa Francis Darwin, mtaalamu wa mimea.

Mwaka 1885 aliajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Mhindi alilipwa pungufu ya Mzungu kwa kazi ileile. Bose alifundisha miaka mitatu bila kupokea mshahara wowote, asikose kipindi, hadi wakubwa wakakubali kumlipa sawa pamoja na malimbikizo yote. Sisi tunaojua maana ya kusubiri malipo tunastaajabia subira hiyo zaidi ya shahada zake. Maabara ya maana hakupewa. Alijitengenezea vyombo kwa msaada wa fundi bati. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake chuoni ni Satyendra Nath Bose na Meghnad Saha, ambao nao walipata sifa duniani.

Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na mawimbi ya redio. Lakini kuanzia mwanzo wa karne ya 20 aligeukia mimea, na hapo ndipo lilipo somo letu. Wengine walieleza kwa maneno kwamba mmea una uhai. Yeye aliufanya mmea ujiandikie. Alitwaa kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa, akaunganisha jani lake na kijiti chepesi kilichochora juu ya kioo kilichopakwa masizi. Mmea uliposhtuliwa kwa umeme, kijiti kiliandika muda uliopita kabla ya jani kuanguka. Ulipopata baridi, mwandiko ulichelewa. Uliponusishwa klorofomu ukanyamaza, na ulipopata hewa safi ukaamka. Chombo chake kingine, kresikografu, kilikuza ukuaji wa mmea mara 10,000, hata mtazamaji akauona kwa dakika chache.

Wataalamu wengi wa London hawakupendezwa na mtu wa fizikia kuingia shamba lao, na mwaka 1901 makala yake ilizuiwa isichapishwe. Mwaka 1914 alisafiri na mimea hai hadi Ulaya ili wasiosadiki waone kwa macho. Ni haki tuseme pia kwamba si yote aliyodai yalikubaliwa. Maelezo yake ya jinsi maji yanavyopanda mtini yalikataliwa. Lakini kwamba ishara za umeme hupita ndani ya mimea, hilo leo halina ubishi.

Kisa kinachotugusa zaidi sisi watu wa hekalu ni cha mtende wa Faridpur, mji alikokulia. Mtende ule uliinama jioni, kengele za hekalu zilipolia, na asubuhi ukasimama tena. Mahujaji walimiminika. Bose aliomba ruhusa ya mwenye mti, akaufungia chombo chake, akakuta kwamba mti unasogea mchana na usiku bila kupumzika: joto likizidi unainama, baridi ikiingia unainuka. Hakumdhihaki hujaji hata mmoja. Kwa maoni yetu, mti unaolihisi jua kiasi hicho haukupungukiwa ajabu kwa kupimwa. Na asiyefika Faridpur atazame mkwaju ulio karibu naye jinsi unavyokunja majani jioni. Wengi wetu tunaujua kwa chatini tu.

Huenda mtu akauliza kwa nini tumsifu hapa, ilhali ukoo wake ulikuwa wa Brahmo Samaj, wasioabudu sanamu. Jibu limo katika jina. Tarehe 30 Novemba 1917, siku aliyotimiza miaka 59, alifungua taasisi yake Calcutta na kuiita Basu Vijnan Mandir, yaani hekalu la elimu. Nembo yake ni vajra, silaha ya Indra, iliyotengenezwa kwa mifupa ambayo mtakatifu Dadhichi aliitoa kwa hiari. Alitaka matokeo ya utafiti wa pale yawe mali ya watu wote, na mihadhara yake iwafikie hata wasio wataalamu.

Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kilekile kilichozuia makala yake. Alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, ikibaki wiki moja atimize miaka 79. Mpwa wake, Debendra Mohan Bose, alishika uongozi wa taasisi, na hadi leo wanafunzi wanaingia humo kuchunguza mimea.