Mwalimu Nyerere na Mizani ya Uhuru

Julius Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani kwetu Mara, mwaka 1922. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Mkoloni alitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliona ni dharau, wakataka kususa. Mwalimu aliwasihi wakubali, wasije wakawaachia wengine Baraza. Zuberi Mtemvu alikataa, akaunda chama chake. TANU ikashinda uchaguzi.

Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu alikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Lakini mwaka 1962 Bunge, likiongozwa na chama chake, lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuhukumiwa. Naye alipokuwa Rais aliitumia. Nikodemo aliwakumbusha wakuu wa Wayahudi kwamba mtu asikilizwe kwanza.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Sisi tuliowafundisha watoto kumwita Baba wa Taifa tuwasimulie yote mawili. Na tunapowaombea viongozi wetu, tuwaombee busara ya Tabora, tusimsahau aliye kizuizini.