Ali bin Muhammad, Bwana wa Wazanji

Huku Subukia niliko, wapenda sinema humsifu Spartacus, mtumwa mpiganaji aliyeiasi Roma mwaka 73 kabla ya Nabii Isa. Filamu yake ilitoka 1960. Mimi huwahadithia habari za Ali bin Muhammad, aliyezaliwa Uajemi, akawa mshairi. Mwaka 869, karibu na Basra, aliwaendea Wazanji, watumwa weusi walioitwa kwa jina la pwani yetu, wakikwangua udongo wa chumvi, akawaahidi uhuru na mali. Wakamfuata, na mwaka 871 wakauteka mji wa Basra. Lakini mateka wa mji huo nao wakafanywa watumwa. Mwaka 883 majeshi ya Khalifa yalimwua. Basi naona alivunja minyororo ya wafuasi wake, utumwa wenyewe akauacha.