Henri Mignet, fundi wa redio aliyewafundisha watu kujenga ndege nyumbani

Katika karakana za Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, mbao, gundi, misumari na injini za pikipiki ni vitu vya kila siku. Zaidi ya miaka 90 iliyopita, Mfaransa mmoja aliwaaminisha maelfu ya watu kwamba vitu vya aina hiyo vinatosha kuundia ndege nyumbani. Mtu huyo ni Henri Mignet.

Mignet alizaliwa Oktoba 1893 katika mji wa Saintes, magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa mhandisi wa redio, lakini tangu ujana wake alitamani kuruka. Hakuwa na kiwanda wala mfadhili. Alijenga ndege moja baada ya nyingine kwa mikono yake, akizipa herufi za jina lake na namba. Nyingi hazikufanikiwa.

Ndege za wakati huo zilimtaka rubani atumie mikono na miguu kwa pamoja, jambo lililomwia gumu Mignet mwenyewe. Kwa hiyo akabuni ndege isiyo na pedali, inayoongozwa kwa mkono mmoja tu. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma yake kidogo, na bawa la mbele liliinamishwa au kuinuliwa ili ndege ishuke au ipande. Ndege hiyo, HM.14, iliruka mara ya kwanza Septemba 1933. Wafaransa waliiita Chawa wa Angani, na Waingereza wakaiita Kiroboto.

Mwaka 1934 Mignet alichapisha kitabu kilichoeleza kila hatua: kuchagua mbao, kuunganisha fremu, kuvika mabawa kitambaa, na hatimaye kujifunza kurusha ndege bila mwalimu. Kwa maoni yake, aliyeweza kutengeneza sanduku la mbao angeweza pia kutengeneza ndege. Agosti 1935 alivuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza akiwa ndani ya ndege yake. Makarani, walimu na mafundi magari wakaanza kujenga za kwao sebuleni na katika mabanda ya nyuma ya nyumba.

Kisha vikaja vifo. Marubani kadhaa walianguka kwa namna moja: ndege iliinamisha pua, ikakataa kuinuka, ikajipiga ardhini. Mwaka 1936 wataalamu wa Uingereza na Ufaransa waliipima ndege hiyo ndani ya vyumba vikubwa vya kuvumishia upepo. Walibaini kwamba nafasi kati ya mabawa hayo ilikuwa nyembamba mno. Ndege ilipoinama sana, hewa iliyopita hapo ililisukuma juu bawa la nyuma, na rubani hakuwa na uwezo wa kuirekebisha. Uingereza ikaacha kutoa vibali vya kuirusha.

Mignet aliijua ndege yake kwa kuirusha kwa uangalifu wake mwenyewe. Wasomaji wake waliirusha wasivyoijua. Hata hivyo hakuacha kazi. Alirekebisha mpangilio wa mabawa, akabuni ndege nyingine, na kufanya kazi katika nchi kadhaa, ikiwemo Morocco barani Afrika. Alifariki Agosti 1965, akiwa na umri wa miaka 71.

Leo ndege za mtindo wake zilizorekebishwa bado zinajengwa na kuruka. Nchi nyingi huwaruhusu raia kujijengea ndege, kwa sharti kwamba kazi yao ikaguliwe. Nchini Kenya jukumu la kusimamia usalama wa ndege ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, na Uganda ina mamlaka yake, ambayo pia husimamia uwanja mdogo wa ndege wa Tororo. Kwa kijana wa Busia mwenye mbao, injini na ndoto, ukaguzi huo waweza kuonekana kikwazo. Wale waliokufa mwaka 1935 na 1936 hawakuwa wazembe. Kasoro ilikuwa ndani ya mchoro wenyewe.