Maurice Wilks, Baba wa Landrova

Miongoni mwa maneno ya viwandani yaliyohamia katika Kiswahili cha Kenya, machache yamepokewa kwa ulaini kama neno landrova. Tuliliongezea irabu mwishoni, tukaliingiza katika ngeli, na leo wazee wengi vijijini hulitaja gari lolote la kupanda milima kwa jina hilo, hata likiwa limetoka Ujapani. Ajabu ni kwamba katika maelfu ya watu wanaolitamka kila siku, ni nadra kumpata amjuaye Maurice Wilks.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1904 katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Alipokuwa kijana alivuka bahari akafanya kazi na kampuni ya General Motors huko Marekani, kisha akarejea kwao na kuajiriwa na Hillman. Mwaka wa 1930 alijiunga na Rover, ambako nduguye, Spencer, alikuwa miongoni mwa wakuu. Maurice alikuwa mhandisi, Spencer akiwa meneja, na kwa takriban miaka thelathini kampuni ile iliendeshwa kama shamba la urithi.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Rover walikabidhiwa kazi ya kuunda injini ya ndege ya Frank Whittle. Ushirikiano huo haukuwa na heri. Pande mbili zilizozana kuhusu michoro na kasi ya kazi, na mwaka wa 1943 mradi ukahamishiwa Rolls-Royce. Hata hivyo, injini za aina ile hazikumtoka Wilks moyoni. Mwaka wa 1950 Rover walionyesha gari dogo lililoendeshwa kwa injini hiyo, nalo limehifadhiwa London. Naamini hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Tunalomkumbukia ni jingine kabisa.

Vita vilipokwisha, Uingereza ilikuwa imefilisika. Chuma cha pua kiligawanywa kwa vibali, na kiwanda kilichotaka mgao mkubwa kilipaswa kuuza bidhaa zake nchi za nje. Rover walikuwa wamehamia Solihull baada ya kiwanda chao cha Coventry kuvunjwa na mabomu, wakawa na nafasi tele na magari machache ya kuuza. Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, pwani ya Wales, na humo alitumia Jeep kuukuu iliyobaki vitani. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1947, wakiwa ufuoni na nduguye, alichora mchangani umbo la gari ambalo lingechukua nafasi ya Jeep ile.

Gari la kwanza la majaribio liliundwa juu ya fremu ya Jeep, usukani ukiwa katikati kama wa trekta. Wazo hilo la usukani liliachwa upesi. Bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu, na mabamba yakafanywa bapa kwa kuwa hapakuwa na fedha za kununua mitambo ghali ya kuyafinyanga. Rangi ya kijani ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita. Mnamo Aprili 30, 1948 gari hilo lilizinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam, likiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 50. Lilikusudiwa kuwa la muda tu, la kuiokoa kampuni hadi magari ya kifahari yarejee sokoni. Liliendelea kutengenezwa, kwa mabadiliko ya hapa na pale, hadi Januari 29, 2016.

Wilks alifanywa mkurugenzi mkuu mwaka wa 1960 na mwenyekiti mwaka wa 1962. Aliaga dunia mnamo Septemba 1963, papo hapo Anglesey. Landrova ya nusu milioni iliundwa miaka mitatu baadaye.

Hivi leo kuna watu Ulaya, na hata hapa kwetu, waliozama katika mapenzi ya kumiliki na kukusanya landrova za zamani. Siwabezi, kwani ni hobi yenye maarifa. Lakini sikubaliani nao katika jambo moja. Wengi wao huabudu kitu wanachokiita uasilia: kila parafujo iwe ile ile ya 1948, na rangi iwe ile ile. Tangu mwaka wa 2016 kampuni yenyewe imekuwa ikizifufua landrova za mwanzo katika hali hiyo na kuziuza kwa bei ya kutisha. Nauliza, uasilia gani? Gari lenyewe lilizaliwa kwa kuokotezwa: fremu ya huku, rangi ya kule. Fundi wa barabara ya Kirinyaga, Nairobi, anayelehemu fremu iliyooza na kuchonga kipuri kisichopatikana tena, yuko karibu zaidi na Wilks kuliko mnunuzi wa mnadani.

Isitoshe, kwetu landrova si pambo tupu. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, ilikuwa gari la polisi na la mabwana wa wilaya, na wako wazee ambao mngurumo wake haukuwaletea furaha. Baada ya uhuru ilibeba chanjo, karatasi za kura na walimu wakuu. Mkusanyaji anayeparuza nembo ya idara mlangoni ili apake kijani cha kiwandani anafuta ushahidi ambao hauko mahali pengine.

Wakati huohuo, landrova kadhaa za serikali zinaliwa na kutu katika nyua za vituo vya polisi na ofisi za wilaya, miti ikiota kupitia sakafuni, zikingoja mnada wa vyuma chakavu. Zingine zina daftari za safari ndani yake, zenye tarehe, maili na majina ya madereva. Daftari hizo huuzwa pamoja na gari, kwa kilo.