Bwana Hamming na Makosa ya Kompyuta

Kati ya mabingwa wa hesabu, nimpendaye zaidi ni Bwana Richard Hamming, aliyezaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1915. Katika maabara ya Bell, kompyuta iliachwa peke yake Jumamosi na Jumapili. Ilipoona kosa, iliitupa hesabu ya Hamming ikashika ya mwingine. Jumatatu mbili mfululizo alikuta hapana jibu. Kwa hasira (nani asingekasirika?) alitaka kujua kwa nini mashine iliyotambua kuwa pana kosa isitambue lilipo. Mwaka 1950 alitangaza dawa yake: kila tarakimu 4, ambazo ni 0 au 1 tu, huongezewa 3 za ulinzi. Moja ikiharibika njiani toka kompyuta hadi kompyuta, ulinzi huonyesha ni ipi, nayo hugeuzwa bila kutumwa upya. Nimeijaribu kwa kalamu, ikakubali. Alifariki mwaka 1998.